Saa Ngapi, kwa Hesabu ya Nani? Historia Fupi ya Kuandika na Kugeuza Wakati

Kila mwalimu wa Kiswahili hapa Kampala huwafundisha wanafunzi wake saa mapema, mara tu wamalizapo salamu na hesabu za moja hadi mia. Kanuni wanayopewa ni fupi: ukitaka saa ya Kiswahili ondoa sita katika saa ya Kiingereza, na ukitaka ya Kiingereza ongeza sita. Kwa mazungumzo ya sokoni kanuni hiyo yatosha. Lakini siku hizi maandishi ya wakati hayasomwi na binadamu peke yake. Barua, hati za hospitali, matangazo ya mikutano na kumbukumbu za historia huingizwa katika kompyuta, na huko husomwa na mashine isiyoweza kumwuliza mwandishi, "Ulikusudia asubuhi au jioni?"

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi wakati ulivyoandikwa katika Afrika Mashariki kwa vipindi mbalimbali, na jinsi maandishi hayo yanavyochanganuliwa na kugeuzwa leo kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Neno kuchanganua si geni kwetu. Tunapochanganua sentensi tunatenga kiima na kiarifu. Mashine nayo ipewapo mfuatano wa tarakimu kama 9/10/1962 hutenga siku, mwezi na mwaka. Hoja yetu ni moja: wakati ulioandikwa bila kutaja hesabu iliyotumika ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ikijazwa na msomaji asiyeijua hesabu hiyo, historia yetu huandikwa upya kwa makosa.

HESABU ZA PWANI

Yafaa tuanze pwani, kwani ndiko zilikotoka saa zetu. Saa ya Kiswahili huanza na jua. Jua likisha kuchomoza huhesabiwa saa moja, na mchana hukoma saa kumi na mbili. Jua likituwa huanza hesabu ya pili, ya usiku. Katika nchi zilizo karibu na ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hata hesabu hii ikawa nyepesi na ya kutegemewa.

Ila kuna jambo ambalo kanuni ya "ongeza sita" hailigusi. Kwa desturi ya Kiislamu siku huanza jua linapotua. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa, kwa mazungumzo ya wazee wa pwani, ni usiku ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Msomaji wa leo, aliyezoea siku ianzayo saa sita ya usiku, aghalabu huuweka usiku huo baada ya mchana wa Ijumaa. Hapo kosa si la saa sita, bali ni la siku nzima. Lugha yenyewe imetupa dawa, nayo ni maneno "usiku wa kuamkia Ijumaa", ambayo hayana maana mbili.

Majina ya siku pia yana hesabu mbili zilizokaa jirani. Jumatano ni siku ya tano tukihesabu kutoka Jumamosi. Alhamisi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni siku ya tano pia, ila tukihesabu kutoka Jumapili. Tano mbili zafuatana, wala hakuna Mswahili apotewaye. Miezi nayo ni vivyo hivyo. Baada ya Ramadhani Waswahili huhesabu mifungo: Mfungo Mosi ni Shawwal, Mfungo Pili ni Dhulqaada, na Mfungo Tatu ni Dhulhija. Dhulqaada basi ni mwezi wa pili kwa hesabu ya mifungo, na ni wa kumi na moja kwa hesabu ya mwaka wa Hijria. Atakayekuta tarakimu tupu, bila jina, hana njia ya kujua ni ipi iliyokusudiwa.

Tuangalie mifano miwili ya maandishi ya kale. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya Kiarabu ya herufi za Kufi yanayotaja mwezi wa Dhulqaada mwaka 500 wa Hijria. Mwaka huo ulianza Septemba 1106 na kuisha mnamo Agosti 1107. Kwa kuwa mwandishi alitaja mwezi, nao u karibu na mwisho wa mwaka, twajua kwamba tarehe hiyo iko katika mwaka 1107. Lau angaliandika mwaka peke yake, tungalibaki kati ya miaka miwili.

Mfano wa pili ni Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ambao hutajwa miongoni mwa tendi kongwe zilizotufikia. Nakala yake ya kale inahusishwa na mwaka 1141 wa Hijria, na vitabu vingi vya shule huandika kwa mkato "1728". Lakini mwaka 1141 ulianza Agosti 1728 ukaendelea hadi Julai 1729. Miezi yake mingi zaidi imo katika mwaka 1729. Hatusemi kuwa 1728 ni kosa. Tunasema kwamba mgeuzaji alichagua, na aliyesoma baada yake hakuambiwa kwamba kulikuwa na uchaguzi. Mwandishi mwangalifu huziweka tarehe zote mbili pamoja, 1141 kwa 1728/29, ili atakayekuja aweze kurudi kwenye asili.

HESABU ZAPANDA BARA

Hesabu hizi hazikukaa pwani. Mwaka 1844 hutajwa kuwa ndio aliofika Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu, katika ikulu ya Kabaka Suuna II wa Buganda. Chini ya mwanawe, Muteesa I, aliyetawala tangu 1856 hadi 1884, Kiswahili na Kiarabu vilisikika katika ikulu, na tangu 1867 Kabaka akaifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Kufunga ni jambo la kalenda: hapana budi kujua mwezi umeandama lini na jua limetua lini. Kisha wakaja wamisionari wa Kanisa la Kiingereza mwezi wa Juni 1877, na mapadre Wakatoliki mwezi wa Februari 1879, nao wakaja na kalenda ya Gregori. Kwa hiyo, kabla hata utawala wa Kiingereza haujaja, palikuwa katika ikulu moja hesabu ya mwezi ya Waganda wenyewe, hesabu ya Hijria, na hesabu ya Gregori.

Alama ya historia hiyo bado imo vinywani mwa watu wa Kampala. Mganda asemapo "ssaawa bbiri ez'oku makya" anakusudia ile ile saa mbili ya asubuhi ya Mswahili, yaani saa 8 kwa hesabu ya Kiingereza. Hata neno lenyewe, ssaawa, ni ndugu wa saa. Lakini katika siku za juma ndugu hawa wameachana njia. Siku tuiitayo Jumanne, yaani ya nne, Waganda huiita Lwakubiri, yaani ya pili, kwani wao huhesabu kutoka Jumatatu. Mwalimu wa Kampala asishangae basi mwanafunzi anapokosea siku: si uvivu, ni hesabu mbili zinazogongana. Na ajabu ni kwamba mgongano huo huo umo ndani ya Python. Amri yake iitwayo isoweekday huipa Jumanne namba 2, kama Waganda. Amri nyingine, weekday, huipa namba 1, kwa kuwa huanza kuhesabu Jumatatu kwa sufuri.

JUA LA KAMPALA NA SAA YA KAMPALA

Zamani kila mji ulikuwa na saa yake kwa kufuata jua lake. Jua la Kampala hutangulia la Greenwich kwa saa 2 na dakika 10 hivi, na la Zanzibar kwa saa 2 na dakika 37 hivi. Maadamu watu walisafiri kwa miguu, tofauti ya dakika 27 haikumdhuru mtu. Lakini mwaka 1884 wajumbe wa mataifa walikutana Washington wakakubaliana kuifanya Greenwich kuwa chanzo cha kuhesabia longitudo na saa. Na huku kwetu reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, pamoja na simu ya waya, vilidai saa moja kwa watu wengi. Ndipo saa za serikali zikaanza kutengana na saa za jua.

Leo Uganda, Kenya na Tanzania hutumia saa iliyo mbele ya Greenwich kwa saa 3 kamili. Kampala iko mbali upande wa magharibi wa ukanda huu, kwa hiyo jua lake huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kamili. Twafundisha kwamba saa kumi na mbili asubuhi ndiyo mapambazuko, na mwanafunzi wetu akitazama nje saa hiyo huona giza. Kanuni ni ya kweli kwa jua la pwani. Saa ya ukutani ndiyo iliyohama.

Lakini haikuwa saa 3 siku zote. Kompyuta nyingi duniani hutegemea kanzi moja ya saa za nchi, iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980. Katika kanzi hiyo, faili yenye historia ya Kampala huonyesha kwamba saa yake ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 30 tangu 1930, kwa saa 2 na dakika 45 tangu 1948, na kwa saa 3 tangu 1957. Ya Nairobi huonyesha saa 3 tangu 1942. Sasa, kwa kuwa miji hii miwili imekuwa na saa moja tangu 1970, watunzaji wa kanzi wameliunganisha jina la Kampala na la Nairobi, na historia ya Kampala wameiweka katika faili ya akiba ambayo kwa kawaida haiingizwi katika kompyuta. Matokeo yake ni kwamba ukiiuliza kompyuta saa ya Kampala mwaka 1950, kwa kawaida itakupa ya Nairobi, yenye tofauti ya dakika 15. Robo saa si nyingi, lakini funzo ni kubwa: watunzaji walikuwa na sababu yao ya kiufundi, nasi tusipoijua tutaichukua kumbukumbu ya jirani tukidhani ni yetu.

JINSI MASHINE ISOMAVYO

Kwa msingi huo twaweza sasa kuitazama kazi ya Python. Lugha hii ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum. Mwaka 2003 ilipewa sehemu maalumu ya tarehe, iitwayo datetime, na mwaka 2020 ikapewa nyingine ya kanda za saa, iitwayo zoneinfo. Ndani ya mashine wakati huhifadhiwa mara nyingi kama hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita ya usiku kwa saa ya Greenwich. Hesabu hiyo twaweza kuiita muhuri wa wakati. Yaliyotokea kabla ya hapo huwa na hesabu ya kutoa.

Mwandishi wa programu huiambia mashine jinsi ya kuchanganua kwa kuipa kielelezo. Tuchukue tarehe ambayo kila Mganda anaijua:

(1) datetime.strptime("9/10/1962", "%d/%m/%Y")
(2) datetime.strptime("9/10/1962", "%m/%d/%Y")

Katika (1) kielelezo kinasema siku, mwezi, mwaka. Jibu ni tarehe 9 Oktoba 1962, siku ya Uhuru wa Uganda. Katika (2) kielelezo kinafuata desturi ya Wamarekani, mwezi kwanza. Jibu ni tarehe 10 Septemba 1962. Mashine hailalamiki hata kidogo, kwa kuwa yote mawili ni tarehe halali. Lau ingekuwa 25/12/1962, kielelezo cha pili kingekataliwa, maana hakuna mwezi wa 25. Kwa hiyo kosa hudhihirika katika tarehe nyingine na kujificha katika zile ambazo siku haizidi 12. Ni kosa baya zaidi kwa kuwa hutokea nusu nusu.

Kuna mtego wa pili. Bendera ya Uganda ilipandishwa Kololo saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba. Wakati huo huo Greenwich ilikuwa saa tatu ya usiku, tarehe 8 Oktoba. Muhuri wake wa wakati ni -228193200. Programu iliyowekwa katika saa ya Greenwich ikiugeuza muhuri huo kuwa tarehe, kisha ikaikata saa na kubakiza siku tu, itaandika kwamba Uganda ilipata Uhuru tarehe 8. Hakuna aliyesema uongo, ila ukanda wa saa haukutajwa. Maelezo ya Python humwita wakati usiotajiwa ukanda kwa neno lenye maana ya mtu asiyejua mambo ya dunia, na utajiwao ukanda humwita mwenye kutambua. Wakati wenye kutambua huandikwa hivi, kwa taratibu ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 1988:

(3) 1962-10-09T00:00:00+03:00

Mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kisha saa, na mwishoni umbali kutoka Greenwich. Hakuna kilichoachwa kwa msomaji kubuni.

Mfano mwingine wa hapa kwetu ni wa Entebbe. Ndege za kwanza za askari wa Israel zilitua katika uwanja huo mnamo saa tano ya usiku, Jumamosi tarehe 3 Julai 1976, kwa saa ya Israel. Saa ya Uganda ilikuwa mbele kwa saa moja, yaani saa sita ya usiku, na tarehe ilikuwa ikigeuka kuwa 4 Julai. Ndiyo sababu vitabu vingine hutaja tarehe 3 na vingine tarehe 4. Mwanafunzi anayeviweka viwili sambamba hudhani kimojawapo kimekosea. Mwalimu aliyeelewa jambo hili atamwonyesha kwamba ni tukio moja, muhuri mmoja wa wakati, na saa mbili za ukutani.

KUCHANGANUA SAA ZA KISWAHILI

Python haina kielelezo cha "saa mbili usiku". Atakaye mashine isome maandishi ya Kiswahili hana budi kuitungia kanuni, na hapa ndipo mwalimu wa lugha anapohitajika kuliko fundi. Kanuni ya "ongeza sita" ikipewa saa mbili usiku huleta saa 8 ya asubuhi. Kwa hakika zahitajika kanuni tatu:

(a) Saa 1 hadi 5 za asubuhi, na saa 6 hadi 12 za mchana, alasiri na jioni: ongeza 6.
(b) Saa 1 hadi 5 za usiku: ongeza 18. Saa moja ya jioni, kama wengi wasemavyo, huingia hapa pia.
(c) Saa 6 na kuendelea za usiku, na saa 10 hadi 12 za alfajiri au asubuhi: ondoa 6, na ikiwa tarehe iliyotajwa ni ya jioni iliyotangulia, sogeza tarehe siku moja mbele.

Angalia jinsi neno asubuhi lisivyotosha peke yake. Saa tatu asubuhi ni 9, na kumi na mbili asubuhi ni 6; neno ni lile lile, kanuni ni mbili tofauti, na kinachoamua ni namba inayoandamana nalo. Hivi ndivyo tunavyofundisha upatanisho wa kisarufi: umbo moja halina maana kamili mpaka lisomwe pamoja na jirani yake.

Neno "kasoro" lahitaji uangalifu zaidi. Saa sita kasoro robo usiku, katika usiku ulioanza jioni ya Jumamosi, ni dakika 15 kabla ya saa sita, yaani 23:45, na tarehe bado ni ya Jumamosi. Programu ikiisoma "saa sita usiku" ikakimbilia kusogeza tarehe, kisha ikasahau kurudi nyuma kwa ile robo, itamweka mtu katika siku ambayo haijafika. Basi dakika zitolewe kwanza, ndipo siku iamuliwe.

Na pakiandikwa "usiku wa Jumapili" bila neno "kuamkia", hapana kanuni ya mashine itakayotatua. Ni lazima kumjua mwandishi, mahali pake na zama zake. Programu njema, kama mhariri mwema, huliweka kando andiko hilo na kuomba msaada wa binadamu, haibuni.

HITIMISHO

Tumeona kwamba saa ya Kiswahili ni hesabu kamili yenye mantiki yake, tena imeenea hadi katika lugha za bara. Si saa ya Kiingereza iliyopinda inayohitaji kunyoshwa. Matatizo hayatoki katika hesabu yoyote. Hutoka katika kuhama toka hesabu moja hadi nyingine bila kutaja.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu sasa. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kukifanya lugha rasmi. Hati za Kiswahili zitakapoongezeka, zitaingizwa katika mashine, na atakayetunga kanuni za kuzisoma huenda asijue tofauti ya usiku wa Ijumaa na usiku wa kuamkia Ijumaa.

Kwa hiyo twawapendekezea walimu wenzetu mambo manne. Kwanza, tuwazoeshe wanafunzi kuandika mwezi kwa jina na kutaja sehemu ya siku kila waandikapo saa. Pili, tufundishe "usiku wa kuamkia" kuwa sehemu ya somo la saa, si pambo la habari za redio. Tatu, tunapogeuza tarehe ya Hijria tuiache ya asili ikae kando ya mpya, na mwaka usio na mwezi tuupe miaka miwili ya Gregori. Nne, wanafunzi wetu wanaojifunza kompyuta tuwape kazi ya kuandika zile kanuni tatu kwa Python, wazijaribu kwa saa zote ishirini na nne, na kwa kila saa yenye kasoro. Watakapoona mashine ikikosea saa sita kasoro robo usiku, watajifunza kwa siku moja sarufi na kompyuta pamoja.

Mwandishi wa Kizimkazi aliutaja mwezi pamoja na mwaka, na kwa neno hilo moja ametuondolea shaka baada ya miaka zaidi ya mia tisa. Nasi tuwaandikie watakaotufuata kwa ukamilifu uo huo.